Fisi, mbwa au maradhi? Jinsi ya kumtambua mnyama aliyepita bomani usiku

Mbuzi akikutwa ameraruliwa nyuma ya boma huku kwetu katikati ya Tanzania, iwe Bahi, Chemba au Manyoni, jina la kwanza kutajwa ni fisi. Kabla jua halijapanda, ujumbe umeshazunguka kwenye makundi ya simu ya kata nzima kwamba fisi wameingia. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia mbuzi huyo aliuawa na mbwa wa kijijini, au alikufa kwa ugonjwa jioni, na fisi akafika saa nane usiku akakuta nyama iko chini. Nyayo za fisi zitakuwepo, mifupa itakuwa imevunjwa, na bado fisi hakuua.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mfugaji. Kama ni fisi, dawa ni uzio. Kama ni mbwa, mwenye mbwa yupo na anajulikana. Kama ni ugonjwa, hatari iko ndani ya zizi pamoja na mbuzi waliobaki, na kila siku inayopotea kwa kumlaani fisi inaweza kugharimu mnyama mwingine.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mzoga ni mnyama aliyekwisha kufa, kwa sababu yoyote ile. Mla mizoga ni mnyama anayekula alichokikuta kimekufa, pamoja na makombo ya jalalani na mabaki ya machinjioni. Mwindaji ni yule anayeua mwenyewe. Ugumu ni kwamba wanyama wengi wa kwetu hufanya yote mawili. Fisi madoa, huyu mkubwa tunayemsikia usiku, anatajwa kila mahali kama mwoga anayengoja makombo ya simba. Utafiti uliofanywa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba huua sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na mara nyingi simba ndiye anayemnyang'anya. Bweha naye huwinda panya, ndege na watoto wa mbuzi, halafu anakula mzoga ukipatikana. Kwa hiyo kujua ni mnyama gani aliyekula ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kujua kama ndiye aliyeua, na hapo ndipo wengi hukosea.

Anza na ardhi, na uanze mapema

Udongo wetu wa kichanga unahifadhi nyayo vizuri, ila upepo wa kiangazi unazifuta haraka. Kuanzia Juni hadi Novemba, alama iliyokuwa safi alfajiri huwa imelegea kingo saa tatu asubuhi. Ng'ombe wakifunguliwa kabla hujaangalia, umepoteza kila kitu. Zuia mifugo na watoto kwanza, zunguka eneo kwa nje, kisha sogea ndani. Ukipata unyayo mzuri, ufunike kwa beseni hadi utakapoupima.

Kipimo kipo jikoni. Boksi la kiberiti lina urefu wa takriban sentimita 5. Liweke kando ya unyayo, piga picha kwa simu kutoka juu moja kwa moja, jua likiwa bado la pembeni ili vivuli vionyeshe umbo. Picha isiyo na kipimo haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu unyayo wa bweha ukipigwa kwa karibu huonekana kama wa simba.

Kisha hesabu vidole na uangalie kucha. Mbwa, bweha na fisi wanaacha vidole vinne na alama za kucha mbele yake, kwa kuwa kucha zao hazirudi ndani. Chui, simba na paka pori wanaacha vidole vinne bila kucha, kwa sababu wanatembea wamezificha. Wenye vidole vitano ni nyegere, nguchiro na fungo, ingawa kidole cha tano mara nyingi hakitokei ardhi ikiwa ngumu.

Sehemu nene nyuma ya vidole, tuiite kitako cha unyayo, ndiyo inayomaliza ubishi kati ya mbwa mkubwa na chui. Kwa jamii ya paka, ukingo wa nyuma wa kitako una mafundo matatu, na unyayo kwa jumla ni wa mviringo. Kwa mbwa, kitako ni kidogo, kama pembetatu, na unaweza kuchora msalaba wa X kwa kijiti kati ya vidole na kitako bila kugusa alama yoyote. Unyayo wa chui hufika sentimita 7 hadi 9. Ukiona zaidi ya sentimita 11 na hakuna kucha, fikiria simba, hasa kama unaishi jirani na mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi au Rungwa.

Fisi madoa ana alama ambayo ukiizoea hutaisahau. Unyayo wa mbele una urefu wa sentimita 10 hivi na ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma, kwa sababu kichwa, shingo na mabega ndivyo vinavyobeba uzito. Vidole vyake ni vinene na vimekaa karibukaribu, kucha ni butu, na kitako cha unyayo kimekatwa upogo: upande mmoja umerudi nyuma kuliko mwingine. Mbwa wa kijijini ana unyayo wa sentimita 6 au 7, na wa mbele na wa nyuma hautofautiani sana.

Kati ya mbwa na bweha, ukubwa pekee haukatishi kesi, kwa sababu mbwa wadogo wako wengi. Unyayo wa bweha una urefu wa sentimita 5 na ni mwembamba. Vidole viwili vya kati vimetangulia mbali, kiasi kwamba kijiti kikilazwa nyuma yake hakigusi vidole vya pembeni. Angalia na mwendo wenyewe. Bweha hupita moja kwa moja, unyayo karibu juu ya unyayo, kama mtu anayejua aendako. Mbwa huzurura, huenda kunusa jiwe, anarudi, anazunguka.

Nyegere ni rahisi. Kucha zake za mbele ni ndefu, hufika sentimita 4, kwa hiyo utaona vidole vitano na mbele yake, mbali kidogo, vitobo vitano vya kucha. Hakuna mwingine wa ukubwa wake mwenye alama hiyo hapa kwetu. Kwa wafuga nyuki wa Itigi na Manyoni, huyu hahitaji kutambulishwa.

Mavi yanasema alichokula

Tahadhari kwanza: usishike mavi ya mnyama mla nyama kwa mkono. Yanaweza kubeba mayai ya minyoo inayomdhuru binadamu. Tumia kijiti, na unawe kwa sabuni.

Mavi ya fisi madoa yakiwa mabichi yana rangi ya kijani kibichi iliyofifia, na yakikauka huwa meupe kama chokaa. Weupe huo ni madini ya mifupa aliyoitafuna. Fisi hujisaidia mara kwa mara mahali pamoja, hivyo ukikuta eneo lenye mavi meupe mengi ya umri tofauti, hapo ni njia yao ya kudumu. Pia hutapika nywele na vipande vya kwato ambavyo tumbo halikuweza kuyeyusha, na huacha ute wa rangi ya manjano kwenye mashina ya nyasi, wenye harufu kali. Ute huo ni alama ya mipaka ya ukoo wao.

Mavi ya bweha yanafanana na ya mbwa mdogo, yamesokotwa na kuchongoka nchani, na mara nyingi yamewekwa juu ya jiwe au kichuguu. Ndani utaona nywele za panya, vipande vya wadudu na mbegu. Ya mbwa anayelishwa ugali ni laini na hayana nywele.

Fungo anashangaza wengi. Ana uzito wa kilo 7 hadi 20, na anajisaidia chooni kwake pale pale hadi panajaa rundo kubwa lenye mbegu za matunda na pete za jongoo. Watu hukuta rundo hilo jirani na shamba na kudhani chui amehamia. Chui hali majongoo.

Kusoma mzoga

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, na pana kanuni moja inayotangulia nyingine zote. Kama mnyama alikutwa amekufa ghafla, tumbo limevimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa, usimpasue, usimchune, usimle. Hizo ni dalili za kimeta. Vijidudu vyake vikipata hewa hugeuka mbegu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi, na ugonjwa huo unamuua binadamu. Funika mzoga kwa miiba ili mbwa wasiufikie, mwite afisa mifugo, na uteketezwe kwa moto au ufukiwe kina cha mita 2. Kama fisi ameshakula nusu, hilo halibadilishi chochote: kimeta kiliua, fisi akala.

Ikiwa dalili hizo hazipo, unaweza kuendelea na uchunguzi ambao wachache huufanya ingawa unachukua dakika kumi tu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Tafuta alama za meno kwenye koo, shingo na miguu ya nyuma, kisha chuna ngozi mahali hapo na uangalie upande wa ndani. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai ana damu iliyovilia chini ya ngozi, nyekundu iliyokolea au nyeusi, na nyama imechubuka. Moyo ulikuwa bado unasukuma damu. Aliyeng'atwa baada ya kufa ana tundu tu, na nyama iliyo chini yake ni safi, haina uvilio. Ukikuta matundu kumi na hakuna hata moja lenye damu iliyovilia, mbuzi wako alikufa kabla mnyama hajafika. Tafuta chanzo kingine: ugonjwa, sumu ya majani, nyoka, uzazi ulioshindikana.

Alama za uhai zikiwepo, mahali zilipo panamtaja muuaji. Chui huuma koo au kisogo mara moja na kukaza. Unaona matundu manne safi, mawili juu na mawili chini, mikwaruzo ya kucha mabegani, na mwili mwingine mzima. Kisha huburuta mzoga hadi kichakani au kuupandisha mtini, na hunyofoa manyoya kabla ya kula. Bweha anamudu watoto wa mbuzi na kondoo, mara chache mnyama mzima. Huuma chini ya taya, kisha hufungua ubavu nyuma ya mbavu za mwisho na kuanza na ini na figo. Mifupa mikubwa haiguswi.

Fisi hana adabu hiyo. Hushika popote panapofikika: kiwele, mapaja, tumbo. Mbuzi humbeba mzima, na kinachobaki ni dimbwi la damu, manyoya na mburuto. Kwa ng'ombe au punda utaona sehemu za nyuma zimeliwa na mifupa ya mapaja imevunjwa vipande. Hakuna mnyama mwingine wa kwetu anayevunja mfupa wa paja la ng'ombe mzima.

Mbwa ndio wanaochanganya kuliko wote, na ndio wanaolaumiwa kidogo kuliko wanavyostahili. Mbwa wanaozurura kwa kundi hufukuza kwa ajili ya kufukuza. Matokeo yake ni mbuzi watano au sita wamejeruhiwa, masikio yamepasuka, miguu ya nyuma imechanwa huku na huku, wengine bado wanahema, na nyama iliyoliwa ni kidogo mno. Ukiona majeraha mengi na ulaji mdogo, anza uchunguzi wako kijijini.

Kuna na kisa ambacho hakuna mnyama kabisa. Mbuzi watatu wametoweka, hakuna damu, hakuna manyoya, hakuna mburuto, na lango limefungwa vizuri. Fisi hafungi lango. Manyoya yaliyokatwa sawasawa na ngozi yenye kingo zilizonyooka ni kazi ya kisu. Wizi mwingi wa mifugo hujificha nyuma ya jina la fisi.

Macho yaliyonyofolewa na ulimi uliokatika huwatia watu hofu. Ni kunguru na tai: huanza na sehemu laini, kwa sababu midomo yao haipasui ngozi ngumu kirahisi. Hawali usiku. Wakipita wanaacha manyoya yao, vinyesi vyeupe vya majimaji, na mifupa iliyosafishwa bila kuvunjwa.

Na mfupa wenyewe usiusome haraka. Nungunungu, ambaye kila mkulima wa karanga na mihogo anamjua, hukusanya mifupa mikavu na kuitafuna ili kupata madini na kunoa meno. Watu wakikuta lundo la mifupa kwenye shimo, husema ni pango la fisi. Angalia alama: nungunungu huacha mifereji bapa, miwili miwili, iliyolala sambamba. Fisi huacha mashimo ya meno na ncha zilizosagwa.

Kuku ni kesi nyingine

Fisi na kuku hawana uhusiano mkubwa. Kuku kadhaa waliouawa usiku, wameumwa shingo au kichwa na kuachwa karibu wazima, ni kazi ya kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wa pete, anayepenya tundu la upana wa ngumi. Unyayo wake hauzidi sentimita 3. Banda lililochimbwa chini au lililong'olewa mbao ni la nyegere. Kifaranga aliyetoweka mchana bila alama yoyote alichukuliwa na mwewe au kipanga. Mayai yaliyotoweka na maganda yake yalimezwa na nyoka au kenge. Maganda yaliyopasukia kwenye jiwe au ukuta ni ya nguchiro, ambao hulirusha yai kinyumenyume kati ya miguu hadi livunjike.

Yale tunayoyasikia

Sauti ya fisi madoa, ule mlio unaoanzia chini na kupanda, husafiri kilomita kadhaa usiku mtulivu. Kuisikia hakumaanishi yuko nyuma ya nyumba. Kinachoitwa kicheko hutoka anapogombania chakula au anapotishwa, wala si furaha. Kilio kama cha mtoto mchanga juu ya mbuyu ni cha komba. Mng'ao wa macho kwenye tochi hautoshi kumtaja mnyama: mbuzi, mbwa na fisi wote wanang'aa, na rangi hubadilika kwa pembe ya mwanga.

Wapo wanaosema fisi ni jinsia mbili, au kwamba hubadilika. Jike wa fisi madoa ana kiungo cha nje kinachofanana sana na cha dume, na ni mkubwa kuliko dume. Ni jike kamili, anabeba mimba ya siku 110 hivi na kuzaa mtoto mmoja au wawili. Imani kwamba fisi anayekuja nyumbani ametumwa au amepandwa na mtu inatoka hapo hapo, kwenye ugeni wa umbo lake na saa anazotembea. Fisi huja bomani kwa sababu ya harufu. Kondo la nyuma la mbuzi aliyezaa likitupwa kando ya zizi, utumbo wa kuku ukimwagwa nyuma ya jiko, ndama aliyekufa akiburutwa mita hamsini na kuachwa, huo ndio mwito wenyewe. Kumnyooshea kidole bibi wa jirani kwa sababu ya nyayo za fisi ni dhuluma, na katika nchi hii tuhuma za namna hiyo zimewagharimu wazee maisha yao.

Si kila fisi ni yule yule, vilevile. Fisi miraba, mwembamba, mwenye masikio yaliyochongoka na manyoya marefu mgongoni, hutembea peke yake kimya na hutegemea mizoga zaidi. Kuna na fisi mdogo mla mchwa, wa kilo 8 hadi 12, mwenye magego madogo yasiyoweza kutafuna hata nyama ngumu. Hula mchwa kwa ulimi. Akionekana karibu na boma hupigwa mawe hadi kufa kwa kosa ambalo hana meno ya kulitenda.

Mtego wa jivu, na baada ya hapo

Kama bado una shaka, muulize mnyama mwenyewe. Jioni, lainisha udongo kwenye eneo la mita moja kwa mita moja mbele ya lango, jalalani na kwenye tundu linaloshukiwa. Nyunyiza maji kidogo, kisha chekecha jivu au mchanga mwembamba unene wa nusu sentimita. Usiweke chambo, usije ukamwita ambaye hakuwa anakuja. Angalia kabla jua halijachomoza, piga picha na kiberiti, lainisha tena. Usiku nne au tano hutosha kujua mgeni wako ni nani na anapitia wapi.

Kinga hufuata jibu. Fisi husukuma uzio kutoka chini na langoni, kwa hiyo miiba ipangwe mashina yakiwa ndani na matawi nje, na lango liwe imara kama ukuta wenyewe. Waya uliofungwa kwenye miti hai ya jamii ya Commiphora, inayochipua ikichomekwa, hudumu kuliko miiba mikavu ambayo mchwa huimaliza. Chui huruka, hivyo urefu wa mita 2 ndio mwanzo. Kwa kuku, wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, uliofukiwa sentimita 30 chini. Sumu kwenye mzoga ni kosa kisheria, na haichagui: inaua mbwa wako na tai wote wanaotua hapo, na tai wakipungua, mizoga inakaa siku nyingi zaidi ikiwaita fisi na mbwa.

Mtu akiumwa na mbwa, bweha, fisi au nyegere, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Mnyama wa porini anayetembea mchana bila kuogopa watu ni wa kukaa naye mbali.

Na ukishambuliwa mifugo, toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, zinategemea uthibitisho, na uthibitisho unaoza haraka. Funika mzoga na nyayo kwa miiba na mabeseni hadi wafike, hifadhi picha zako zenye kiberiti, na andika saa uliyokuta, idadi ya wanyama, na mahali uzio ulipofunguka.